Kuishi Miaka Mingi kwa Nguvu: Lipi Litangulie?

Mwishoni mwa miaka ya 1990, mtoto aliyezaliwa Tanzania alitarajiwa kuishi miaka 50 hivi kwa wastani. Leo wastani huo umepita 65. Nyongeza hiyo imeletwa na chanjo za watoto, vyandarua vyenye dawa, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI na uzazi ulio salama zaidi. Ni mafanikio makubwa, na waliofanya kazi hiyo wanastahili shukrani.

Lakini aliyevuka surua, malaria na UKIMWI anafika miaka 45 na kukutana na kundi jingine la maradhi: presha, kisukari, kiharusi, figo kushindwa kufanya kazi, saratani. Magonjwa haya hayaanzi kwa homa. Hujijenga kimya kwa miaka 10 au 20, na mtu huja kushtuka siku mkono mmoja umekataa kunyanyuka. Wengi wa wanaopatwa hivyo huwa bado wana watoto shuleni na nyumba ambayo haijaezekwa.

Wasiwasi huo umezaa soko. Kuna unga wa kuondoa sumu mwilini, maji ya limau ya alfajiri, vidonge vya kuongeza kinga na chai za kuyeyusha kitambi, na kila kimoja hutangazwa kama ndicho kilichokuwa kikikosekana. Mtu hujikuta anatumia fedha na bidii nyingi kwa mambo yenye faida ndogo au isiyokuwepo, huku hajawahi kupimwa presha. Mambo yanayorefusha maisha ni machache, na uzito wake haulingani. Anayetaka kufika miaka 80 akiwa bado anakwenda sokoni kwa miguu yake anapaswa kuyafuata kwa mpangilio wa uzito huo, akianza na lile linaloua wengi zaidi mapema zaidi.

Ushahidi gani tuuamini?

Watu wengi huanza na habari za vikongwe. Husomwa kwamba kisiwa fulani kina watu wengi wenye miaka 100, kisha chakula chao hugeuzwa dawa. Tatizo la kwanza ni kumbukumbu. Mwaka 2010 serikali ya Japani ilipokagua daftari za familia ilikuta majina zaidi ya 230,000 ya watu wenye miaka 100 na zaidi ambao hawakujulikana walipo. Wengi wao walikuwa wameshafariki zamani bila kifo kuandikishwa. Kama nchi yenye ofisi makini kiasi hicho inaweza kupotelewa na hesabu, umri wa mzee aliyezaliwa mahali pasipokuwa na cheti cha kuzaliwa unahitaji uangalifu zaidi. Tatizo la pili ni kwamba kikongwe mmoja hawezi kutuambia ni lipi kati ya mambo yake mia moja lililomfikisha hapo.

Ushahidi mzito hutoka kwa watafiti waliofuatilia maelfu ya watu wa kawaida kwa miaka mingi, wakaandika nani aliishi vipi na nani alikufa lini. Bora zaidi ni pale watu walipogawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu, kundi moja likabadilisha jambo moja na jingine likaendelea kama kawaida. Tukisimama kwenye ushahidi wa aina hiyo, orodha ndefu ya masharti hupungua na kubaki mambo machache yasiyotikisika.

La kwanza ni presha

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wazima zaidi ya bilioni 1.2 wana shinikizo la juu la damu, na karibu nusu yao hawajui. Hiyo nusu ndiyo inayotisha. Kichwa kuuma si kipimo cha kuaminika, kwa kuwa wengi wenye presha ya kupanda hawasikii chochote. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliokusanya takwimu za watu milioni moja kutoka tafiti 61, ulionyesha kwamba kwa watu wa miaka 40 hadi 69, kila namba ya juu ya presha inapopanda kwa 20, hatari ya kufa kwa kiharusi au kwa ugonjwa wa moyo huongezeka takriban mara mbili. Hatari hiyo huanza kukua kutoka 115, mbali kabla ya kufika 140 ambako kwa kawaida daktari hutamka kwamba una ugonjwa.

Kwetu ushahidi upo karibu zaidi. Katika miaka ya 1980, watafiti walifuatilia Wajaluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kutafuta maisha Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Ndani ya mwezi wa kwanza tu, presha za waliohamia jijini zilikuwa tayari zimepita za waliobaki. Mkojo wao ulikuwa na sodiamu zaidi, yaani chumvi, na potasiamu kidogo, yaani mboga, matunda na mizizi ya nyumbani vilikuwa vimepungua mezani. Uzito nao ulikuwa umepanda. Watu hao walikuwa wa ukoo mmoja na wale wa kijijini, kwa hiyo damu ya kurithi haiwezi kubebeshwa lawama. Kilichobadilika ni maisha.

Upande wa Tanzania, uchunguzi uliofanyika kati ya 2003 na 2006 ulihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi wilayani Hai, Kilimanjaro, na katika eneo la Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na wagonjwa 109 hivi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam ilikuwa na 316, karibu mara tatu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya mtu yeyote aliyefika miaka 30 ni kupima, na kupima kwa utaratibu. Kaa kitini dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu imegusa sakafu bila kukunja nne. Usiwe umevuta sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla, na kibofu kiwe kitupu. Mkono uegeshwe mezani usawa wa moyo, na mkanda ufungwe juu ya ngozi, si juu ya shati. Pima mara mbili, uache dakika moja katikati, uandike namba zote. Mtu aliyepanda ngazi za zahanati akihema, akapimwa papo hapo mkono ukining'inia, anaweza kupewa namba isiyo yake. Zikisoma 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, hilo ni jambo la kumwona daktari.

Wengi huogopa kuanza dawa kwa sababu wamesikia kwamba ukizianza huziachi. Hofu hiyo inaeleweka, lakini inakosea mahali pa kuweka lawama. Kinachodumu ni ugonjwa, na dawa hushusha presha siku inaponywewa. Anayejisikia mzima akaziacha hurudi alikotoka bila dalili yoyote ya kumwonya. Dawa nyingi za presha ni za zamani, zina ushahidi wa miongo mingi na bei yake si ya kutisha. Kidonge kimoja kinachomezwa kila asubuhi kina nafasi kubwa zaidi ya kukupa miaka kuliko kabati zima la virutubisho.

Chumvi na sahani

Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichofurika, kwa vyakula vyote. Wastani wa dunia ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Tuifuatilie chumvi hiyo siku moja katika mji wowote wa Afrika Mashariki. Asubuhi imo kwenye mkate au chapati. Mchana mama lishe ametia kwenye wali, akatia tena kwenye maharage, kisha akavunja mchemraba wa kiungo ambao sehemu yake kubwa ni chumvi. Pembeni kuna kachumbari iliyonyunyiziwa. Jioni ni chipsi mayai, muuzaji anatikisa kikopo cha chumvi kabla ya kufunga, na mlaji anaongeza tomato sosi. Mtu huyu anaweza kuapa kwamba hali chumvi nyingi, na kwa mkono wake mwenyewe kweli hajaweka.

Dawa yake ni kupunguza polepole. Ulimi huzoea ndani ya wiki chache, hasa ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, bizari na pilipili vikichukua nafasi. Mchemraba ukitumika, chumvi isiongezwe. Kikopo cha chumvi kiondoke mezani. Sambamba na hilo, potasiamu irudi kwa njia zilizokuwepo siku zote: ndizi, maharage, mchicha, matembele, viazi vitamu, parachichi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika katika vijiji 600 nchini China, uliwapa watu chumvi ambayo robo yake ni ya potasiamu. Baada ya karibu miaka 5 kiharusi kilikuwa kimepungua kwa asilimia 14 kikilinganishwa na vijiji vilivyoendelea na chumvi ya kawaida. Chumvi ya aina hiyo haimfai mwenye ugonjwa wa figo au anayetumia baadhi ya dawa za presha mpaka aulize daktari wake.

Baada ya chumvi inakuja sukari ya kunywa. Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari ya vijiko 7 hadi 8 vya chai, na haishibishi. Kisha nafaka: dona, mtama na ulezi vina nyuzinyuzi ambazo sembe iliyokobolewa imezipoteza. Kunde, choroko, mbaazi na maharage hutoa protini na nyuzinyuzi kwa bei ambayo nyama haiwezi kuifikia. Dagaa huleta protini na madini. Mezani kwa bibi zetu vitu hivi vilikuwepo, na kasoro ya leo ni ukubwa wa kilima cha ugali au wali kando ya kijiko kimoja cha mboga. Nusu ya sahani ikiwa mboga na matunda, robo protini na robo wanga, mengi hujirekebisha bila kuhesabu chochote.

Tumbaku, pombe na moshi wa jikoni

Hapa maelezo ni mafupi kwa sababu ushahidi hauna ubishi. Mwaka 1951 Richard Doll na Austin Bradford Hill walianza kufuatilia madaktari wa Uingereza. Matokeo ya miaka 50 yaliyotoka 2004 yalionyesha kwamba waliovuta sigara maisha yao yote walikufa wastani wa miaka 10 mapema kuliko wasiovuta. Habari njema imo humo humo: aliyeacha akiwa na miaka 60 alirudisha miaka 3 hivi, aliyeacha akiwa na 50 alirudisha 6, akiwa na 40 alirudisha 9, na aliyeacha akiwa na 30 alirudisha karibu yote. Hakuna zoezi wala chakula kinachoweza kulipa deni la ukubwa huo wakati sigara bado imewaka.

Pombe huongeza presha, huharibu ini na ni chanzo kilichothibitishwa cha saratani kadhaa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kabisa kwa afya. Anayekunywa akipunguza, anapata faida.

Moshi wa kuni na mkaa huwalemea zaidi wanawake na watoto walio karibu na jiko. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Familia inayoweza kujaza mtungi wa gesi, au walau kuhamishia jiko nje na kufungua madirisha, inalinda mapafu na moyo wa mama wa nyumba.

Mwendo wa kila siku

Mwaka 1953, daktari Jerry Morris alichapisha matokeo kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya London. Madereva waliokaa kutwa nzima waliugua moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa. Kilichoonekana kuwatenganisha zaidi ni miguu. Morris mwenyewe alifanya mazoezi karibu maisha yake yote na akafa mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, Wahadzabe wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi wamepimwa kwa vifaa vya kisasa, ikaonekana wana dakika 135 hivi kwa siku za mwendo wa kuuchangamsha moyo, na wazee wao hawabaki nyuma sana. Utafiti mwingine juu yao, wa mwaka 2012, ulileta somo muhimu: ukizingatia ukubwa wa miili yao, nishati wanayounguza kwa siku haizidi ya watu wa mijini wa Ulaya na Marekani. Maana yake ni kwamba anayekimbia asubuhi ili afute chipsi za jana anategemea jambo ambalo mwili hauliruhusu kirahisi. Uzito husimamiwa zaidi na sahani. Mwendo una kazi yake nyingine kubwa: kushusha presha, kusaidia sukari kuingia kwenye misuli, kuimarisha moyo na kutuliza akili.

Kiasi kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, au nusu ya hapo kwa mwendo mkali. Ile namba maarufu ya hatua 10,000 ilianzia kwenye kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani miaka ya 1960. Utafiti wa 2019 kwa wanawake wenye wastani wa miaka 72 ulionyesha kwamba waliotembea hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kwa asilimia 41 kuliko waliotembea 2,700, na faida ilitulia kufikia 7,500. Kwa asiyetembea kabisa, hatua za kwanza ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote. Ashuke daladala kituo kimoja kabla. Safari ya dukani ambayo bodaboda huimaliza kwa dakika 3 aifanye kwa miguu.

Nguvu za misuli, jambo linalosahaulika

Kati ya yote, hili ndilo linalopewa nafasi ndogo kuliko haki yake. Misuli huanza kupungua taratibu baada ya ujana, na kasi huongezeka baada ya miaka 60. Mzee hapotezi uhuru wake kwa sababu ya mvi. Huupoteza siku anaposhindwa kuinuka kitini, kuchuchumaa chooni, au kusimama kutoka kwenye mkeka wa swala bila kushika ukuta. Akianguka na kuvunjika nyonga, mara nyingi huo ndio mwanzo wa kulala kitandani moja kwa moja. Utafiti wa nchi 17 uliochapishwa 2015 uligundua kwamba nguvu ya kiganja kukamata inapopungua kwa kilo 5, hatari ya kufa huongezeka kwa asilimia 16.

Jipime hivi. Chukua kiti kigumu kisicho na mikono, kiegemeze ukutani. Kunja mikono kifuani, kisha simama wima na ukae tena, mara nyingi uwezavyo kwa sekunde 30. Mwanamume wa miaka 60 hadi 64 anatarajiwa kufikisha walau 14, na mwanamke 12. Akiwa chini ya hapo, miguu inahitaji kazi.

Na kazi hiyo huleta matunda katika umri wowote. Mwaka 1990 watafiti wa Boston waliwafundisha wazee 10 wenye miaka 90 hivi, waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kutunzia wazee, kunyanyua uzito kwa wiki 8. Nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Kwa asiye na jimu, siku 2 kwa wiki zinatosha kuanza: kuinuka kitini bila mikono, pushapu za ukutani kisha za sakafuni, kubeba ndoo mbili zilizosawazishwa, kupanda ngazi, na kusimama kwa mguu mmoja wakati wa kupiga mswaki. Kuongeza ugumu kidogo kidogo ndiko kunakojenga. Na misuli haijengwi kwa chai kavu. Mzee anahitaji yai, maziwa, samaki au maharage katika kila siku yake.

Usingizi, watu na vipimo

Saa 7 au zaidi za usingizi husaidia presha, sukari na hasira. Anayekoroma kwa nguvu na kuamka amechoka aonwe na daktari, kwani huenda pumzi inakatika usiku. Upweke nao ni hatari: uchambuzi wa tafiti 148 uliotoka 2010 ulionyesha kwamba wenye mahusiano imara walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kuishi, kwa asilimia 50 hivi. Kikundi cha kukimbia mtaani, kwaya, kikoba na baraza la jioni vinafanya kazi ya afya kwa namna hiyo, hasa kwa mstaafu aliyeachwa na shughuli ghafla.

Mwisho wa orodha binafsi ni yale yanayohitaji zahanati. Saratani ya mlango wa kizazi huua wanawake wengi Afrika Mashariki, ilhali ina chanjo na ina kipimo rahisi. Rwanda ilianza kuchanja wasichana nchi nzima mwaka 2011, Tanzania 2018, Kenya 2019. Kila mwanamke aliyefika miaka 30 aulize kuhusu uchunguzi huo, na kila mwenye kitambi au ndugu mwenye kisukari apime sukari.

Zaidi ya juhudi ya mtu mmoja

Ingekuwa dhuluma kumtwika mlaji mzigo wote. Wale Wajaluo hawakuamua kupandisha presha. Walihamia mahali ambapo chakula na kazi vilikuwa hivyo. Mtaa usio na njia ya waenda kwa miguu humfundisha mtu kupanda bodaboda. Kigali hufunga baadhi ya barabara kwa magari Jumapili asubuhi tangu 2016, watu hukimbia na kupimwa afya papo hapo, na mpango huo umedumu kwa sababu serikali imeuweka kwenye ratiba. Viwanda vinaweza kuamriwa kupunguza chumvi kwenye mikate na viungo. Shule zinaweza kuondoa soda kwenye vibanda vyake. Kila zahanati inaweza kuwa na kipima presha kinachofanya kazi na dawa zisizokatika. Raia anayelinda afya yake ana haki ya kuyadai haya kwa diwani na mbunge wake, na ayadai.

Kwa mtu binafsi, mpangilio uwe huu: pima presha na uitibu; acha tumbaku; punguza chumvi, soda na pombe; tembea kila siku; jenga misuli mara mbili kwa wiki; lala; kaa na watu; kamilisha chanjo na vipimo. Aliyeyashika haya kisha akabakiwa na fedha anaweza kufikiria virutubisho, ingawa huenda asivihitaji. Hakuna hata moja hapa linalohitaji utajiri, na mengi yake hupunguza matumizi ya nyumba. Yanachohitaji ni kurudiwa kwa miaka 30, na ndiyo maana ni afadhali kuanza na moja unaloliweza wiki hii kuliko kuanza na yote nane na kuyaacha kabla ya mwezi kuisha. Kama hujawahi kupimwa presha, hilo moja linajulikana.